Vifaa Vilivyopo

Fomu ya mkaguzi inauliza: mipira mingapi?
Nimeandika mmoja, nikasita, nikafuta.
Wa zamani ulipasuka wiki ya pili ya muhula
kwenye lile jiwe lenye ncha, nyuma ya vyoo.
Shule yetu hapa Igombe imekalia mawe kama kuku mayai:
mawe mlangoni, mawe golini,
moja limeingia hadi ofisi ya mwalimu mkuu;
fundi alishindwa kulivunja, akapindisha ukuta.

Jumatano ile, saa nne na nusu, kipindi cha michezo,
watoto sitini na wanane wamejipanga juani
wakiitazama mikono yangu mitupu
kana kwamba mpira utachipuka viganjani.
Nikauliza, si kwa busara, kwa kukosa la kusema:
"Nyumbani mnacheza nini?"

Ningejua, ningeuliza mapema, au nisingeuliza kabisa.
Kwanza kimya. Kisha Bwire: rede.
Kisha kombolela, gololi, foliti, kamba,
kisha mdako, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka.
Magesa anasema kokoto hutolewa mbili mbili,
Nyamizi anasema moja, kisha mbili, kisha zote,
na mgeni wetu wa kutoka Ukara, asiyesemaga,
akasema kwao shimo halichimbwi, huchorwa duara tu.
Wakamzomea. Akalia. Akashikilia hapo hapo.
Dakika ishirini zikaishia kwenye kesi ya shimo na duara.
Katika andalio la somo, sehemu ya tathmini, niliandika:
"Wanafunzi walishiriki kikamilifu."

Ndipo akaja Bi Ng'walu, mpishi wa uji.
"Nyie hamjui kitu."
Akachuchumaa, akakaza khanga,
mwiko bado kwapani, unadondosha,
akarusha kokoto juu.
Kumi na mbili zikatoka shimoni, kumi na moja zikarudi,
na ile ya angani ikakikuta kiganja kiko tayari,
kama mwenye nyumba afunguaye kabla hujapiga hodi.
Uji uliungua siku ile. Tuliunywa hivyo hivyo.

Sasa nimtaje Kwandu.
Kwandu ambaye mpira ukija hufumba macho,
wa kuchaguliwa mwisho, au kusahauliwa,
ambaye daftari lake la hesabu nimelijaza wekundu
mpaka mimi mwenyewe naona haya kulifungua.
Alfajiri huwa mwaloni na mama yake, wanaanika dagaa;
hutoa changarawe na vigamba vya konokono
kwa vidole vinavyoona vyenyewe gizani.

Alikaa. Akarusha. Hakutazama juu hata mara moja.
Tatu tatu, zikaisha.
Nne nne, zikaisha.
Tano tano, mkono ukasimama:
"Mwalimu, hapa zinabaki mbili.
Zitabaki tu, hata arushe nani."

Wiki tatu nimefundisha mabaki,
ubaoni, kwa chaki za rangi, kwa sauti ya kukauka.
Nikajifanya kufunga kamba ya kiatu.
Nilikuwa nimevaa kandambili.

Mpira mpya ulikuja mwezi wa tatu,
mweupe, unanukia duka.
Mwalimu mkuu ameufungia kabatini
usije ukapasuka.

Jana mvua ilishuka kutoka ziwani na upepo wake,
mashimo yote yakajaa tope.
Leo hawakungoja filimbi.
Wanachimba upya kwa vijiti, kwa vizibo vya soda,
wanagombana tena, Bwire kashatolewa, hataki kutoka.
Pembeni, mtoto wa Ukara amechora duara lake,
na Kwandu amechuchumaa ng'ambo ya pili,
anauliza sheria za huko.

Fomu bado iko mezani, nimeikandamiza kwa kokoto.
Vifaa vilivyopo:
mawe.
Idadi:
hapo nimepaacha wazi.
Mkaguzi akija, atachuchumaa ahesabu mwenyewe.